Kompyuta Isiyomsikia Mama Sare

Majirani zangu, kaeni kidogo niwasimulie jambo, na mtanisamehe nikikasirika katikati, maana na mimi nimo ndani yake. Mnanijua. Mimi ndiye fundi wa kompyuta na redio mwenye meza pale mlangoni mwa duka la vifaa vya umeme. Wengi wenu mmeniletea mashine zilizomwagikiwa chai mkaapa kwamba ni mvua.

Mama Sare mlimjua pia. Nusu ya watoto wa mtaa huu walikwenda shule na sare alizoshona yeye. Ukipita kwake asubuhi ungekuta mlango wazi, cherehani inakwenda kwa miguu, naye anaongea na pini mdomoni bila hata moja kumchoma. Hakusoma. Vipimo alivitunza kwa mafundo kwenye kamba, kila mtoto na kamba yake ukutani, na sikuwahi kusikia suruali iliyombana mtu. Ilikuwa nyumba ambayo ukienda kuchukua nguo unajikuta umekaa saa nzima.

Kisha kikaja kikohozi kisichokwisha. Daktari akawaambia wajiandae, ni suala la miezi.

Alikuwa na watoto wawili. Mkubwa ni karani wa shule, tuliyempachika jina la Profesa, kwa sababu hakuna swali aliloulizwa akasema sijui. Wa pili, kitinda mimba, alikuwa nchi ya mbali akifanya kazi za ndani. Aliondoka miaka minne nyuma baada ya ugomvi mkali na mama yake, hakuaga. Kwenye simu walikuwa wakiongea dakika chache, tajiri wake akisikiliza pembeni, na Mama Sare aliishia kulia tu. Lile neno ambalo binti alilisubiri, kwamba amesamehewa, halikuwahi kutamkwa.

"Nina maneno ya huyu mtoto," Mama Sare alimwambia mwanawe. "Nimeyaweka miaka minne. Kuandika sijui, na kwenye simu kilio kinanishinda. Nitafutie kitu cha kunasa sauti, nimwachie."

Binti alishauri wamrekodi kwa simu ya kaka yake, basi. Profesa akakataa. Simu huibwa, alisema, na sauti ya mama si kitu cha kuweka kwenye simu yenye ufa. Atanunua kompyuta mpya, aweke Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta usio na hila wala virusi, na sauti itadumu hadi kwa wajukuu. Nia yake ilikuwa safi, hilo nalisema wazi.

Akaja dukani. Akachagua kompyuta nyembamba kuliko zote, iliyotoka kiwandani juzi.

"Hiyo unaitakia nini?" nikamuuliza.

"Kumrekodi mama. Nitaiwekea Linux."

"Basi ngoja tusome namba ya modeli, tuangalie kwenye orodha kama vifaa vyake vinaelewana na Linux. Au bora zaidi, nina Linux kwenye flashi hapa. Tuiwashe nayo, urekodi sentensi moja, uisikilize. Dakika kumi."

Duka lilikuwa na watu, na wote waligeuka. Profesa akatabasamu lile tabasamu lake.

"Fundi, mimi nimeweka Linux kwenye mashine kumi na mbili pale shuleni. Hakuna hata moja iliyonisumbua. Leo unifundishe kuwasha kompyuta?"

"Zile ni za zamani, Profesa. Za zamani Linux imeshazizoea. Hii ni mpya mno. Waifai inaweza kugoma, maiki inaweza kugoma."

"Wewe endelea na redio zako."

Watu wakacheka. Na mimi, majirani, nikanuna. Kwenye droo yangu kulikuwa na maiki ndogo za kuchomeka, saizi ya kidole gumba, zinazokubali Linux bila maneno. Ningeweza kumtilia moja mfukoni. Nikainamia redio zangu nikasema moyoni, mwache akajionee. Sentensi hiyo bado inanichoma.

Nyumbani, waifai ikagoma kama nilivyosema. Mtu mwingine angeshtuka, akarudi dukani. Profesa alinunua kifaa cha waifai cha kuchomeka pembeni, mbali na mtaa huu ili nisimwone, akanyamaza. Kisha akampigia mama yake wimbo kwenye ile kompyuta, ukasikika vizuri, Mama Sare akatikisa kichwa kwa kuufuata. Hapo akaamini mambo ya sauti yamekamilika. Majirani, spika kutoa sauti na maiki kupokea sauti ni kazi mbili tofauti. Mdomo mzima hauthibitishi kwamba sikio ni zima.

Walirekodi asubuhi kumi na moja, baada ya uji, wakati pumzi ya mgonjwa ilipokuwa na nguvu kidogo. Mama Sare aliweka sharti moja: mtu asisikilize mpaka mwenyewe aje. Yalikuwa maneno ya binti yake, si ya mtaa. Kila asubuhi aliketishwa kwenye mito, akajifunga kitambaa kipya kichwani kama anayekwenda kwa wakwe, akauliza:

"Inanisikia?"

"Inakusikia, mama. Ongea tu."

Profesa akibonyeza kitufe, doa jekundu likiwaka, sekunde zikihesabika, naye akitoka nje na kufunga mlango kama alivyoagizwa. Aliporudi alikuta ule mstari unaopaswa kupanda na kushuka kwa sauti umelala kama uzi uliovutwa. Alijiambia ni pumzi ndogo ya mgonjwa. Angeweza siku yoyote kusema moja, mbili, tatu na kusikiliza sauti yake mwenyewe, asivunje sharti la mtu. Hakufanya hivyo. Nadhani aliogopa jibu.

Siku ya kumi na moja Mama Sare alisema, "Nimemaliza. Sasa moyo wangu mweupe." Wiki hiyohiyo akafariki.

Binti alifika siku tatu baada ya mazishi. Na siku iliyofuata, wote wawili walikuwa mbele ya meza yangu. Profesa hakuniangalia.

"Shikamoo, Fundi," binti akasema. "Kaka anasema mafaili yamepungua sauti tu. Anasema wewe utayapandisha."

Nikavaa spika za masikioni. Nikafungua la kwanza, la pili, nikapandisha hadi mwisho. Maiki inayofanya kazi hunasa hata kuku wa jirani, hata shuka inayoguswa. Humu hamkuwa na hata mvumo. Maiki ilikuwemo ndani ya kompyuta, ila Linux haikuitambua, na programu ilirekodi ukimya kwa uaminifu wote, jumla ya saa sita na zaidi. Sauti ndogo hukuzwa. Ambayo haikuingia haikuzwi.

"Mwanangu," nikamwambia binti, "humu hamna kitu. Hamkuwahi kuwa na kitu."

Binti akamgeukia kaka yake, sauti ya chini kabisa.

"Alinisamehe?"

"Sijui."

"Ulikuwepo, kaka."

"Alinitoa chumbani. Sijui alisema nini. Sijui."

Ndiyo mara ya kwanza mtaa huu kumsikia akitamka neno hilo. Lingetamkwa dukani, mbele ya watu wale waliocheka, lingemgharimu dakika kumi za aibu.

Nilitaka kuzima kompyuta. Binti akanishika mkono, akavaa zile spika, akaniomba nianze faili la kwanza tena. Akasikiliza yote kumi na moja, siku mbili mfululizo, kwenye kiti changu cha wateja. Alisema mama alikaa muda wote huo akiongea naye, basi na yeye atakaa muda huohuo. Profesa alisimama nje juani. Hakuna aliyemwita ndani.

Funzo la kisa hiki

Kabla hujanunua kompyuta ya kuwekea Linux, soma namba ya modeli, uliza, tafuta waliokwisha kuitumia. Ukiweza, iwashe palepale dukani kwa flashi na ujaribu kila kifaa utakachokitegemea: mtandao, spika, maiki. Upya wa mashine usikudanganye, na kumi na mbili zilizokubali jana haziidhamini ya kumi na tatu. Ukirekodi kitu kisichorudiwa, jisikilize kwanza wewe.

Wewe unayejua, usimnyime mtu msaada kwa sababu kakudharau. Na wewe unayeulizwa na mgonjwa "Inanisikia?", usijibu ndiyo kabla hujahakikisha.