Bwawa la Mama Evelyn na Dawa ya Bahari

Mwaka 1998, ukipita nyuma ya kanisa hapa Kikatiti asubuhi, ungemkuta Hedwiga, Mama Evelyn, akiwarushia samaki pumba katika bwawa lao pamoja na akina mama watano wenzake, wakitaniana. Watoto wa nyumba sita walipata kitoweo humo.

Mumewe, Mwalimu Abdiel, si mtu mbaya. Ugonjwa wake ulikuwa semina. Tangu biashara huria ianze, hoteli za Arusha zilijaa wageni wa makampuni, naye hakukosa kikao. Siku moja alirudi anameremeta.

"Mama Evelyn, kuna kampuni inataka kumwaga unga wa chuma baharini! Mwani utaota, uimeze hewa chafu ya viwanda, dunia ipoe, hata theluji ya Kibo kule Kilimanjaro isiishe. Wanatafuta bwawa la kuonyeshea wafadhili."

"Bwawa si letu peke yetu, Baba Evelyn. Waulize wenzangu kwanza."

"Hawajui sayansi. Watashukuru baadaye."

Akamwaga chuma na mbolea bila kuuliza mtu. Nami nikiri: wiki mbili za kwanza maji yaligeuka kijani, perege, samaki wetu, wakanenepa, sisi majirani tukapiga makofi. Basi akaongeza dozi mara tatu ili wageni waone vizuri zaidi. Jamani, nani alimtuma?

Zikaja siku nne za mawingu mazito. Mwani ukakosa jua, ukafa, ukaoza, ukamaliza hewa ndani ya maji. Alfajiri ya Jumamosi Hedwiga aliwakuta perege wamejazana juu, vinywa wazi. Kufikia saa mbili wote walikuwa wameelea, wamekufa. Akina mama walikaa ukingoni wakalia kama msibani.

Abdiel akakimbilia jembe awazike samaki kabla wageni wa kampuni, waliotarajiwa siku hiyo, hawajafika. Hedwiga akamnyang'anya.

"Waache waone."

Mtaalamu wa kampuni akashuka garini, akaziba pua. "Pole sana, mama. Lakini bahari ni kubwa mno. Jambo hili haliwezi kutokea kule."

"Na hapa, ulijua litatokea?" Hedwiga akamuuliza.

Mtaalamu akafungua tena mlango wa gari.

"Baharini nako kuna akina mama wanaolisha watoto samaki. Umewauliza?"

Mtaalamu akamgeukia Abdiel, labda amjibie. Abdiel alikuwa akitazama viatu vyake. Gari likageuza, likaondoka. Jioni ile nyumba sita zilikula ugali kwa chumvi.

Mafunzo

Simlaumu anayetafuta dawa ya joto la dunia. Joto lipo, na huenda siku moja chuma hicho kikafaa. Kinachonikera ni haraka na kiburi. Anayetaka kujaribu maji yanayolisha watu aanze kidogo, asubiri misimu ipite, na apate kwanza ridhaa ya wanaoyategemea. Wala ahadi ya dawa isiwape wenye viwanda ruhusa ya kuendelea kufukiza moshi. Nasi tuliopiga makofi tuna lawama yetu: swali la Hedwiga, la kama wenyewe wameulizwa, tulikuwa nalo midomoni tangu siku ya kwanza, tukaona aibu kumuuliza mwalimu.