Msingi Ndani ya Kinyungu

Tangu jana Getruda hakuwa na raha. Aliunguza uji, watoto wakalalamika, wala hakusikia. Mawazo yake yote yalikuwa bondeni, kwenye kinyungu chao, ile bustani ya kiangazi waliyoachiwa na babu wa mumewe. Humo mumewe, Sadock, alikuwa ameanza msingi wa nyumba. Sasa matofali ya kwanza yalikuwa na alama ya X nyekundu, na X ile, jamani, usiiombee.

"Watabomoa, baba," Getruda alisema.

"Wabomoe nini? Babu alilima pale kabla Makambako haijawa mji." Lakini chai yake Sadock ilimshinda.

Wakaenda kwa jirani yao Hilda, afisa mipango miji. Hilda hakuwazungusha. Kesho yake ofisini aliwatandazia mchoro wa mtaa mezani.

"Ukanda huu wa kijani ni hifadhi ya kijito. Ndani ya mita sitini kutoka kwenye maji, sheria inakataza shughuli za kudumu. Nyumba ni ya kudumu, kaka Sadock."

"Mbona mboga tumelima miaka yote?"

"Kulima kinyungu hakukupi ruhusa ya kujenga. Wengi tunakosea hapo hapo. Kabla ya kuchimba msingi, njoo uangalie mchoro, kisha uombe kibali cha ujenzi."

Getruda aliinamia mchoro. "Kwa hiyo hatuna nyumba, dada?"

"Lile shamba lenu la mahindi kule juu, liko karibu na kanisa?"

"Ndiyo."

Hilda alilitafuta kwa kidole. "Hili hapa. Ni eneo la makazi. Leteni ramani ya nyumba."

Sadock alinuna siku mbili. Kupandisha matofali elfu nne mlimani si mchezo. Siku ya tatu akabeba la kwanza. Kibali kilipotoka, wakajenga.

Mwezi wa tatu mvua ilinyesha siku tatu mfululizo. Asubuhi Getruda alifungua mlango wa nyumba mpya, akatazama bondeni. Kijito kilikuwa kimefurika. Kinyungu chote kilikuwa maji matupu.

"Sadock," aliita kwa sauti ndogo, "njoo uone pale tulipopima chumba cha watoto."

Sadock alikuja, akatazama. Kisha akarudi ndani kuwafunika watoto blanketi.