Gauni Lisilo na Akiba

Harufu ilianza asubuhi, kwenye chumba cha kushonea: vitunguu vinakaangwa. Jiko lilikuwa baridi. Fundi akasimamisha cherehani, akanusa, akameza mate.

Sindano zake za kupunguza mwili zilikuwa zimekwisha, na dawa imeadimika. "Endelea na nidhamu," daktari alimwambia. Eti nidhamu. Digrii nzima ya udaktari, ushauri ndio huo. Fundi alikula majani kama mbuzi, akatembea mpaka viatu vikacheka, na mizani ikapanda vilevile. Mtaa uliomwita Modo kwa wembamba wake mpya ukaanza kumkodolea kiuno.

Kilichomkosesha raha ni gauni la bluu, la kuvaa harusini kwa binti yake. Alipopungua alilibana, kisha kwa majivuno akakata ile akiba ya kitambaa ambayo kila fundi huiacha ndani ya mshono ili nguo ije kuachiwa. Akaichoma mbele ya wifi yake. "Sirudi huko," alisema.

"Wifi, unatafuna nini?" wifi alimuuliza mchana ule.

"Sitafuni kitu."

Wakatazamana. Sauti ilitoka kabatini, lilimotundikwa gauni, ya mtu anayekula bila haraka, analamba vidole, anashusha pumzi, na kadiri walivyorudi nyuma ndivyo ilivyowasogelea, mpaka fundi akahisi taya zake mwenyewe zinacheza, na mdomo wake mkavu ukafunguka ukasema kwa sauti nzito isiyo yake: "Mnanifukuza mimi? Humu mwenyeji ni mimi. Sindano ndiyo ilikuwa mgeni."

Wifi alimleta mganga. Akafukiza, akasoma, akanyunyiza maji. Jini likalia, likatoka, harufu ikakatika.

"Limekwenda," mganga alisema akijifuta jasho. "Sasa na wewe mama, uzuie mdomo."

Hata mganga.

"Lijaribu gauni basi," wifi alinong'ona.

Gauni liligoma kiunoni. Fundi akalivua, akachukua wembe, akafumua mshono, labda ataokoa japo upana wa uzi.

Akiba ilikuwemo. Kitambaa kilekile alichokichoma, kimekunjwa vizuri kila upande, kimeshikizwa kwa mishono ya mkono wake. Kilikuwa na joto kama shavu la mtu aliyetoka kula, na kilikuwa kipana kuliko mwanzo.

"Nani kakishona?" wifi aliuliza.

Fundi alikuwa anatafuna.