Kinga ya Odile na Ekru Mbili

Kila mwezi Odile humpeleka mama yake, Victorine, Kabambare kupima presha. Kutoka Wamaza ni mbali, na goti la mama huvimba njiani. Mwaka huu kaka yake Odile alimtumia kinga, baiskeli iliyokwisha kutumika Ulaya. Magurudumu yake hayakufungwa kwa ekru, zile nati za kukaza na kle, yaani spana. Kila moja lilikuwa na kimukono kidogo cha chuma pembeni.

Odile alikizungusha kimukono kile kama mtu anayefunga kifuniko cha chupa. Kilipogoma, akaona imetosha. Akamkalisha mama nyuma, wakaondoka.

Kwenye kilima cha kwanza alikanyaga kwa nguvu. Gurudumu la nyuma likaenda upande, likakwama kwenye kadre, fremu ya kinga. Wakaanguka majanini. Hawakuumia, lakini mama alijipangusa, akashika njia kwa miguu.

"Hiyo kitu inatembea kando kama kaa," alisema. "Miye sipandi tena."

Walifika jioni, kituo cha afya kimefungwa. Ikabidi walale kwa shangazi.

Asubuhi mama alipimwa, akabaki kupumzika. Odile akaisukuma kinga mpaka kwa Nourdine, fundi wa barabarani. Alitaka kujua kimukono kile kinafanya nini hasa.

Nourdine alimwonyesha. Kimukono hakizungushwi, kinalazwa. Kwanza unakaza ekru ndogo ya upande wa pili kwa vidole. Halafu unakilaza kimukono kwa kiganja. Kikilala bila kusumbua, bado kimelegea.

Odile alijaribu. Akatazama kiganja chake. Alama ya chuma ilikuwa imebaki pale.

"Sasa imekaza," alisema Nourdine. "Lakini unabebaka nini?"

"Mama yangu. Na siku ya soko, gunia ya mpunga."

Nourdine alilitoa gurudumu la nyuma. Chuma cha katikati kilikuwa na tundu ndani, kama bomba.

"Hii ni ya mutu anayeenda peke yake. Chini ya muzigo itapinda."

"Na ya mbele?"

"Mbele iko sawa. Muzigo mukubwa iko nyuma."

Odile akachagua. Mbele alibakiza kimukono. Nyuma Nourdine aliweka chuma kizima chenye ekru mbili, akampa Odile kle. Akamwambia akaze upande huu kidogo, na ule kidogo, gurudumu likae katikati. Akamwonya azijaribu tena kesho yake, maana ekru mpya hulegea.

Mwezi uliofuata, kabla ya kuondoka, mama aliomba kle. Alijaribu ekru zote mbili mwenyewe. Hazikusogea. Akapanda.

Kilima kile walikipita wakiongea. Kituoni walikuwa wa tatu kwenye foleni.

Odile alipotoka na dawa, mama hakuwepo kwenye benchi. Alimkuta nje, ameinama kwenye kinga ya kijana asiyemjua, kidole chake kwenye gurudumu la nyuma.

"Na hii," mama alikuwa anauliza, "ulikaza pande zote mbili?"