Kiti cha Marehemu

Haya yalimpata rafiki yangu Gadiel, fundi pikipiki wa Ngarenaro. Alikuwa anafufua pikipiki ya jeshi ya enzi za vita, aipande siku ya harusi yake. Ilibaki kiti tu, tukakipata Olmotonyi kwa mama Namnyaki, mjane.

"Ngojeni wanangu waje tukiombee," alisema. "Marehemu hakutaka mtu akikalie."

"Mama, huko aliko hapandi pikipiki," Gadiel akatania.

Mungu anisamehe, mimi nilimdanganya mama huyo kwamba mchungaji wetu atakiombea, akatuachia.

Gadiel alikifunga kwenye pikipiki mchana huohuo, ndani ya stoo isiyo na dirisha. Umeme ukakatika. Akasikia springi za kile kiti zikilia taratibu.

"Nani?"

Akawasha tochi ya simu. Kitini hapakuwa na mtu, ila springi zote mbili zilikuwa zimebonyea mpaka chini.