Vidonge Alivyoviacha Minza

Kila asubuhi, baada ya kukamua ng'ombe, Minza alichemsha maziwa na kumwita mdogo wake, Milembe, mtoto wa miaka mitano. Milembe alikuwa na mapunye, ugonjwa wa fangasi wa kichwani. Tabibu aliagiza ameze kidonge kila siku pamoja na maziwa, wiki sita bila kukosa. Mama yao alidamkia shamba la pamba, hivyo kazi hiyo alimwachia Minza, mwanafunzi wa darasa la sita.

Wiki ya tatu mabaka yalififia. Minza alikuwa amechoka kumkimbiza mtoto uani na kikombe mkononi. Akaviacha vidonge.

"Mdogo wako amemeza dawa?" Mama aliuliza kila jioni.

"Amemeza, mayu."

Njia ya mwongo ni fupi. Mapunye yalirudi, safari hii mpaka nyuma ya masikio. Kwa hofu ya kugunduliwa, Minza aliingia ghalani, mahali walipokatazwa kukanyaga. Kwenye kona palikuwa na chupa ya dawa ya pamba, na harufu yake ilikuwa imejaa ghala zima.

"Hii inaua funza wa pamba," alijiambia. "Itashindwaje na mapunye?"

Akampaka mtoto kichwa kizima.

"Dada, inawasha!"

"Tulia, utapona."

Kufikia mchana Milembe hakucheza tena. Jasho lilimtoka, mate yakamchuruzika, mikono ikatetemeka. Mama aliporudi alidhani ni malaria, akawapakia wote wawili kwenye bodaboda mpaka zahanati.

Tabibu Januarius alipima, hakuona malaria. Alimmulika Milembe macho, akakuta mboni ndogo kama tundu la sindano.

"Mama, mtoto amekula nini? Amepakwa nini?"

"Sijui, daktari. Nilikuwa shambani."

Milembe alianza kukoroma, akihangaika kupata pumzi. Minza aliutazama mlango, akatamani kukimbia. Akisema, aibu itakuwa yake. Akinyamaza, mdogo wake atakufa pale pale kitandani.

"Ni mimi!" alilia. "Nimempaka dawa ya pamba. Na vidonge niliacha kumpa!"

Tabibu hakusimama kumkaripia. Yeye na muuguzi walimvua mtoto nguo, wakamwosha kwa sabuni na maji mengi, wakamchoma sindano na kumkimbiza hospitali ya Bariadi. Siku ya tatu ndipo alipoomba uji.

Waliporudi zahanati kuchukua vidonge vipya, tabibu alimkalisha Minza.

"Mabaka yakififia, fangasi bado wamo ndani ya nywele. Ndiyo maana dozi humalizwa. Na sumu ya shambani haipakwi mtu, hata kidogo. Ukweli wako ulimwokoa, lakini ungechelewa nusu saa tu, leo tungekuwa msibani."

Minza alifuta machozi, akanyoosha mkono apokee vidonge. Mama alivichukua yeye.

"Hivi nitampa mwenyewe," alisema, "mpaka siku nitakapokuamini tena."