Unalala Wapi, Mama Joha?

Kila asubuhi Asma aliamka kabla ya wenye nyumba. Alijifunga kanga kiunoni, akafagia uwanja wote mpaka mlango wa choo. Kisha alichukua ndoo akaenda bombani kupanga foleni. Mishi, mwenye nyumba, alipoamka alikuta maji yapo na moto unawaka.

"Mdogo wangu, wewe ni mgeni," Mishi alimwambia. "Utanifanya nisahau kazi."

"Sijazoea kukaa bure, dada," Asma alijibu.

Hakusema kweli yote. Asma alifanya kazi kwa sababu ya hofu. Kulikuwa na sauti moja aliyoiogopa katika nyumba ile. Ni sauti ya bakuli likikwangua chini ya debe la unga.

Asma alitoka Pahi, upande wa Kondoa, kwa Warangi. Alikuja Dodoma mjini na binti yake, Joha, ambaye alikuwa hajafikisha mwaka. Joha alizaliwa na mguu wa kushoto umepinda kwa ndani. Unyayo wake haukutazama chini, ulitazama mguu wa pili. Majirani wengine walisema ni mkono wa mtu. Mganga wa zahanati akasema hapana, ni maumbile tu, na mguu wa namna ile hunyooka mtoto akiwa bado mchanga. "Mpeleke mjini mapema," alisema. "Usingoje aanze kutembea."

Hospitalini waliuvuta mguu taratibu, wakaufunga plasta ngumu, ile ambayo watu huiita hogo. Baada ya wiki waliitoa, wakauvuta tena kidogo, wakafunga nyingine. Hivyo ndivyo mguu unavyonyooshwa, kidogo kidogo. Na ndiyo maana Asma hakuweza kurudi Pahi kila mara. Nauli ya basi ingemshinda, na njia ilikuwa mbaya.

Alifikia Chang'ombe, kwa Nurdini na mkewe Mishi. Nurdini na Msafiri, mume wa Asma, ni watoto wa baba mkubwa na baba mdogo. Zamani Nurdini alikuwa dereva wa shirika la umma. Lakini miaka ile mashirika yalikuwa yakipunguza watu, naye akapunguzwa. Sasa alitembeza mitumba, mashati begani na suruali mkononi. Jioni alirudi miguu imejaa vumbi, mashati yakiwa karibu yote bado begani.

Hata hivyo hakuacha kusema, "Shemeji, hapa ni kwenu. Kaa mpaka mtoto apone."

Kwao mtu mwenye ndugu mjini halali kwingine. Akilala kwingine, ni sawa na kusimama sokoni na kutangaza kwamba ndugu yake ameshindwa kumlisha. Na mwenyeji naye hamwulizi mgeni ataondoka lini. Basi wote walikaa kimya, na unga ukaendelea kupungua.

Jioni moja walikuwa wakila. Idi, mtoto wa Mishi, alinyoosha mkono kutaka tonge lingine. Mama yake alimtazama tu. Idi akarudisha mkono, akanawa, akatoka nje.

Asma alikuwa na tonge mkononi. Alilirudisha sahanini, naye akanawa.

Usiku huo aliushika mguu wa Joha wenye hogo. Aliwaza moyoni: Nikikaa, nawala watoto wa watu. Nikihama, namvua shemeji nguo hadharani. Akaona njia moja tu imebaki. Atasema mtoto amepona, arudi nyumbani.

Asubuhi alimwamkia Nurdini, kisha akasema akitazama chini, "Shemeji, leo nadhani tunamaliza. Nesi alisema hogo hili ndilo la mwisho."

Uso wa Nurdini ulifunguka. "Alhamdulillahi. Basi nitampa konda wa basi la Kondoa salamu leo hii. Msafiri ajue mnakuja kesho."

Mishi naye alisema, "Leo nitapika wali. Mgeni haagwi kwa ugali."

Asma alitoka na mtoto mgongoni. Miguu ilikuwa mizito kama anakwenda kuiba.

*

Chumba cha plasta kilikuwa mwisho wa korido. Nje palikuwa na benchi refu la kina mama na watoto wao. Asma alikaa karibu na Ruthu, mama mmoja kutoka Mlali, mwenye mtoto wa kiume aliyefungwa miguu yote miwili. Ruthu alikuwa na maneno mengi.

"Mrangi wangu, leo mbona umenuna?" Ruthu aliuliza. "Au mume ameongeza mwingine huko nyuma?"

"Achana na mimi, Ruthu."

"Basi ameongeza. Nimejua."

Asma alijaribu kucheka, akashindwa. Nesi Bupe akamwita ndani. Nesi Bupe alikuwa mtu wa makamo, mwenye mikono iliyokauka kwa chokaa ya plasta. Alililowesha hogo la Joha, akalifungua polepole.

"Sista," Asma alisema, "naomba leo usimfunge tena. Nitamalizia nyumbani. Nitamkanda kwa mafuta."

Nesi Bupe aliupangusa mguu, akauweka juu ya kiganja chake.

"Njoo uangalie mwenyewe, mama. Siku ile ya kwanza unyayo huu ulitazama wapi?"

"Ulitazama mwenzake."

"Na leo?"

Asma aliinama. Unyayo ulikuwa umegeuka. Haukuwa umefika chini, lakini ulikuwa njiani.

"Umefika nusu," Nesi Bupe alisema. "Ukiuacha hapa, hautakaa nusu. Utarudi kule kule ulikotoka. Mafuta hayawezi kuuzuia. Halafu akikua, mifupa ikikaza, hatuna tena plasta ya kumsaidia. Atahitaji kisu, na hata hicho hakitafanya kazi nzuri kama hii. Sasa niambie. Unalala wapi, mama Joha?"

"Kwa shemeji yangu, Chang'ombe."

"Kuna shida huko?"

"Hakuna shida."

"Ulijibu hivyo hivyo siku ile mliponyeshewa njiani, plasta ikawa uji, nikaanza upya."

Machozi yalimtoka Asma, akayafuta kwa ncha ya kanga. Ruthu, aliyekuwa amesimama mlangoni bila kuitwa, akaingilia.

"Sista, huyu ana ndugu mjini. Huo ndio ugonjwa wake."

"Ruthu, nenda kakae."

"Nakaa. Lakini mimi naujua, niliuugua. Nilifikia kwa mtoto wa dada yangu. Ana chumba kimoja na bibi harusi mpya. Nikalala pale kati kama gogo la mpaka. Kila nikikohoa, nao wanakohoa."

Nesi Bupe alicheka, hata Asma akacheka ndani ya machozi. Kisha akasema yote. Alisema habari ya debe la unga, ya Idi aliyenawa kabla ya kushiba, na ya uongo wa asubuhi.

Nesi Bupe alichovya bandeji ya plasta kwenye maji, akaanza kuufunga mguu huku akizungumza.

"Sikiliza. Nyuma ya hospitali kuna nyumba ya wanaouguza. Kina mama wa makanisa na wa misikiti waliichangia. Wanakaa watu waliotoka mbali, wenye matibabu ya muda mrefu. Unakuja na unga wako na mkeka wako. Jiko lipo, maji yapo. Unachangia kidogo, na ukiwa huna unamweleza bibi ustawi, yule wa ofisi ya ustawi wa jamii pale getini. Anakusikiliza, anakupangia zamu ya kufagia au kupika uji wa watoto. Hakuna anayefukuzwa kwa kukosa."

"Kwa nini sikuambiwa?"

"Kila anayeingia hapa namwuliza analala wapi. Nilikuuliza siku ya kwanza. Ulisema kwa ndugu, hakuna shida. Mtu akisema hana shida, nitampeleka ofisi ya shida?"

"Nilidhani ni ya wasio na watu."

"Ni ya wenye safari ndefu," Nesi Bupe alisema. "Wenye ndugu wamo, na wasio na ndugu wamo."

"Shemeji hatakubali. Watu watasema amenifukuza."

"Nenda ukamwambie ukweli. Usimtoroke. Mtu akitorokwa ndipo anapotukanwa." Alibonyeza vidole vya Joha vilivyotokeza kwenye plasta. "Na hivi vidole uviangalie kila siku. Vikiwa vya baridi au vikivimba, mlete siku hiyo hiyo, usingoje siku ya kliniki."

*

Asma alirudi Chang'ombe jua likielekea kuzama. Harufu ya wali ilimpokea mlangoni. Mishi alikuwa ameazima sufuria kubwa kwa jirani. Nurdini alikuwa ameketi kwenye kigoda, amevaa kanzu yake ya Ijumaa kwa ajili ya kumuaga.

Mishi ndiye aliyeliona hogo jipya. "Mbona amefungwa tena?"

Asma alipiga magoti chini, pale uwanjani. "Shemeji, asubuhi nilikudanganya. Mtoto hajapona. Bado wiki nyingi."

Nurdini alimtazama kama aliyesikia lugha asiyoijua. "Kwa nini unidanganye? Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea. Unanilisha, na watoto wako wanapungukiwa. Nimeona." Alimweka Joha vizuri mgongoni. "Hospitali wana nyumba ya wanaouguza. Nesi anasema nikakae huko mpaka tumalize. Ni karibu, hogo halitalowa tena."

"Nyumba ya msaada?" Nurdini alisimama. "Mke wa Msafiri akalale nyumba ya msaada, na mimi nipo hai? Pahi wataniitaje?"

Wali ulianza kutoa harufu ya kuungua, na Mishi hakwenda kuutazama.

"Baba Idi," Mishi alisema taratibu. "Asubuhi aliposema anaondoka, mimi nilifurahi. Nikaenda bombani nikicheka peke yangu. Halafu nikamkumbuka huyu mtoto, nikaona aibu. Mguu usiponyooka kwa sababu ya debe letu, Pahi watatuitaje?"

Nurdini alikaa tena. Alichora chora ardhi kwa ncha ya ndala. Asma alihesabu pumzi zake, akisubiri kufukuzwa kabisa.

"Hiyo nyumba," Nurdini alisema mwishowe, "ina kitasa?"

"Sijui, shemeji."

"Hujui. Unataka kuhamia mahali, hujui kama pana kitasa." Alitikisa kichwa. "Kesho nitakupeleka mwenyewe. Mzigo nitaubeba mimi, mchana kweupe, kila mtu aone. Nani atasema nimekufukuza huku nakubebea mkeka? Sasa tuleni huo wali kabla haujawa mkaa."

Idi alikula mpaka akalala palepale mkekani.

*

Kesho yake Nurdini alitangulia mbele, mkeka wa Asma begani mahali pa mashati. Kwanza walimwendea konda wa basi la Kondoa, wakampa salamu nyingine za kumpelekea Msafiri, safari hii za kweli. Katika nyumba ya wanaouguza, Nurdini alikagua kama mtu anayenunua ng'ombe mnadani. Alijaribu kitasa. Alichungulia choo. Aliuliza maji hutoka saa ngapi. Ruthu alimtazama akiwa jikoni.

"Bwana, umesahau kuangalia meno yetu," alisema.

Nurdini alitaka kukasirika, akacheka. Akamwambia Asma, "Ijumaa unakula kwangu. Hilo silijadili." Akaondoka. Alipofika getini aligeuka, akajaribu na kitasa cha geti.

Siku za kwanza Asma hakulala vizuri. Alisikiliza watoto wa watu wakilia, akaogopa kwamba amekosea. Kila asubuhi aligusa vidole vya Joha. Vilikuwa na joto. Alipika ugali wa unga aliotumiwa na Msafiri kwa basi, akala akashiba, na maziwa ya kumnyonyesha Joha, yaliyokuwa yamepungua, yakarudi. Ijumaa alikwenda Chang'ombe, na Mishi alimpokea bila kutazama debe. Sasa walizungumza mpaka jioni, mambo ambayo hawakuwahi kuyasema walipokuwa chini ya paa moja.

Hogo lilifuata hogo. Siku moja alikaa kwenye benchi mama mmoja mgeni kutoka Mpwapwa, na mtoto mdogo kifuani.

"Unalala wapi, mama?" Asma alimwuliza.

"Kwa ndugu," yule mama alijibu upesi. "Hakuna shida."

Asma akasogea, akampisha nafasi. "Njoo hapa karibu tuzungumze," alisema.

Siku ya mwisho Nesi Bupe alimpa viatu vidogo vilivyounganishwa kwa kipande cha chuma. Alimwonya Asma kwamba Joha avivae kila alalapo, na arudi akaguliwe, la sivyo mguu utageuka tena. Asma alirudia maagizo kwa sauti mpaka nesi akaridhika.

Kabla ya kupanda basi, alipita Chang'ombe kuaga. Mishi alikuwa ametoka kumwagia maji uwanja ili kutuliza vumbi. Nurdini alimshika Joha makwapani, akamsimamisha chini. Mtoto aliyumba, akashika vidole vya Nurdini, akasimama. Aliponyanyuliwa, ardhi yenye unyevu ilibaki na nyayo mbili ndogo. Zote mbili zilitazama mbele.

Nurdini alijifanya ana vumbi jichoni.

Asma alipofika kona ya mtaa aligeuka kupunga mkono. Alimwona Mishi ameshika ufagio. Alikuwa anafagia uwanja wote, na alipofika pale penye nyayo, akapazunguka.